Mifupa Isiyo na Kichwa, Kilema

Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimefanya kila kazi isiyouliza cheti. Nimebeba mizigo ya watalii mlimani, nimelima vitunguu Kahe, nimeuza viatu vya mitumba Moshi mjini. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilidumu siku tisa tu: kuchekecha udongo wa kaburi huko Kilema.

Niliipata kwa kuuliza swali. Nilikuwa nimekaa nje ya duka la vifaa vya ujenzi, nikamwona mama mmoja akinunua wavu wa matundu madogo sana, madogo kuliko ya kuchekechea mchanga. Nikamuuliza anajenga nini. Akasema hajengi, anamtafuta mtu aliyenyongwa na Wajerumani zamani, kabla hata babu yangu hajazaliwa. Mchana uleule nilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, tunapanda.

Alikuwa daktari, lakini wagonjwa wake walikuwa mifupa. Aliyemwita ni bibi mmoja mwenye umri wa karibu miaka tisini, mjukuu wa mtu aliyeongoza vita vya mangi, chifu wa zamani wa huko. Ukoo ulisimulia kwamba babu yao aliponyongwa, kichwa kilikatwa kikapelekwa Ulaya, na mwili ukarudishwa kwa siri ukazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba. Bibi alikuwa amesikia kwamba huko Ulaya mafuvu bado yapo kwenye makabati. Alitaka kujua, kabla hajafa, kama kaburi alilolipalilia maisha yake yote ni la babu yake kweli. Likiwa lake, angeomba kichwa kirudi kikae na mwili.

Asubuhi za kule zilikuwa za ukungu. Ulishuka kutoka msituni ukapita polepole kwenye migomba, na maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yakasikika bila kuonekana. Tulipiga magoti, daktari akikwangua udongo kwa kijiko na brashi ya rangi, mimi nikichekecha pembeni. Wakati mwingine nilisahau kama nimeamka. Punje za udongo zilianguka na kwenye wavu ikabaki mizizi, kokoto, siku moja ushanga mmoja wa bluu. Niliushika muda mrefu mpaka daktari akaniomba nimpe.

Siku ya sita mifupa ilitoka yote. Ilikuwa ya rangi ya chai, imelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa kama mtu anayeota moto. Juu ya shingo hapakuwa na kitu.

Mtoto wa kaka yake bibi, ambaye ni katekista, alivua kofia.

"Shangazi, ndiye," alisema. "Hana kichwa. Unataka ushahidi gani tena?"

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, khanga imefunika mabega. Alivuta ncha yake akaziba mdomo. Nilidhani ni furaha.

Daktari naye hakufurahi. Aliinua pingili za shingo moja moja akazigeuza kwenye mwanga. Shoka au panga huacha alama kwenye mfupa, alituambia, na hapa hapakuwa na hata mkwaruzo. Kisha akachukua mfupa wa nyonga, akaweka kidole gumba kwenye pengo lake, akakichezesha huku na huku.

"Kwa mwanaume, mara nyingi kidole kinabana," alisema. "Hapa kinacheza. Nadhani huyu ni mwanamke."

"Mwanamke asiye na kichwa?" katekista aliuliza. "Wajerumani walinyonga na wanawake?"

Nilikumbuka jambo nililolisikia kwa wapagazi wenzangu, tukiwa tumejikunyata kwenye hema. Nikauliza, "Bibi, samahani. Zamani huku watu hawakuwa wanatoa mafuvu?"

"Wewe chekecha udongo," katekista akasema.

"Mwache," bibi akasema. "Anauliza nilichopaswa kukisema mimi."

Akatueleza taratibu, akiangalia migomba. Mtu akifa alizikwa, na baada ya muda kaburi lilifunguliwa, fuvu likatolewa likawekwa pembeni mwa kihamba, penye masale, mimea inayopandwa kwa heshima ya wafu. Mifupa mingine ilibaki ilipo. Mama yake alimwonyesha mahali hapo alipokuwa msichana. Baadaye ukoo wote ukabatizwa na jambo hilo halikutajwa tena, hata nyumbani.

"Watu wote wa wakati ule hawana vichwa makaburini," alisema. "Nilijua. Nilipoona shingo nikatamani nisahau."

"Sasa shangazi, mtaalamu wa watu ametoka Dar es Salaam," katekista alisema. "Umetufanya tulie bure."

"Wewe umelia? Mimi sikukuona."

Hata daktari alicheka. Bibi akainama juu ya shimo, akaitazama ile mifupa kwa muda. Alisema lazima ni bibi yake, mke wa yule aliyenyongwa, maana hakuna mwanamke mwingine wa rika hilo aliyezikwa upande ule. Mahali ulipo mwili wa mume, hakuna aliyebaki anayejua.

Daktari alimfuta bibi ndani ya shavu kwa pamba, apate mate ambayo vinasaba vyake vitalinganishwa na vya yale mafuvu ya Ulaya. Hakumwahidi kitu.

"Mkimpata huko," bibi aliuliza, "ni kichwa tu?"

"Kichwa tu, bibi. Pole."

"Pole ya nini? Huku kwetu kichwa ndicho kinachowekwa."

Tulimfukia mke kama tulivyomkuta, na ushanga wake. Kisha bibi akanituma nikate kipande cha sale, nikichomeke kando ya mahali fuvu la mke lilipowekwa zamani, mahali pa wazi panapoelekea mlima, pa kukingojea kichwa cha mume. Nilikichomeka, nikashindilia udongo kwa kisigino.

"Umekipinda," alisema. "Chomoa, anza upya."