Picha ya Kadi ya Kasonia

Paulin wa gazeti la parokia alikuwa akiwazungukia wapiga picha hodari wa Butembo na Beni, awahoji na kuwapiga picha wao wenyewe. Mcheza kwao hutunzwa. Alipofika Bungulu, mtaa wa Beni, kwa Mama Emérence, alimkuta keshaketi kwenye kiti cha wateja, kajipaka mafuta, kidevu juu.

"Niko tayari tangu asubuhi," alisema. "Angalia mwangaza, Paulin, usiniharibu sura."

Paulin alimuuliza ni picha gani anayojivunia kuliko zote. Wenzake walikuwa wametaja maarusi na mapadri. Emérence hakufikiri mara mbili: ya kadi ya Kasonia.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka wa 2003, watu walipomiminika Beni wakikimbia vita vya upande wa Mambasa. Ofisi ya msaada ilitaka kila mkimbizi awe na kadi yenye picha, ndipo apewe unga na maharage. Wapiga picha wengine waliwasimamisha watu ukutani, paa, paa, basi. Emérence hapana. Kwake hakuna aliyepigwa picha kabla ya kunawa. Alikuwa na beseni, mafuta, kitana na kitenge safi cha kuazima. "Mutu hapigwe picha na vumbi ya njia," alisema, na kwa kiti kile hata askari walivua kofia.

Kasonia, mkulima aliyetembea siku tisa, alitoka pale anang'aa. Siku ya tatu alirudi mikono mitupu, watoto wake wanne nyuma, wa mwisho wa miaka mitatu kashika kitenge chake. Karani wa msaada, Zorobabel, alikuwa ameitazama kadi na kuirudisha: huyu ni mke wa tajiri, si mkimbizi. Watoto hawakuwa wamekula tangu juzi.

Emérence aliona haya, haya ya kweli. Kumpendezesha mtu kumewanyima watoto chakula, na kosa ni lake. Lakini haya ya mwanamke yule haikai sana, hugeuka hasira. Alikaza kitenge kiunoni, akamshika Kasonia mkono mpaka ofisini, akaipita foleni nzima.

"Papa Zorobabel, picha ya ile carte ku kifua yako, ni nani alikupiga?"

"Ni weye, Mama."

"Na cravate yenye iko ndani?"

Karani akainamia kadi iliyoning'inia kifuani mwake.

"Cravate ni yangu, iko ku musumari kule Bungulu. Donc weye hauko karani? Nilikupendezesha, na kazi hawakukunyima. Huyu nilimunawisha uso tu. Njaa nayo niliinawisha?"

Foleni iliangua kicheko mpaka walinzi wakachungulia. Zorobabel alijipapasa shingo iliyokuwa wazi, kisha akatafuta muhuri. Unga ukatoka, na maharage juu yake.

Njiani, Kasonia akiwa na gunia kichwani na watoto nyuma, Emérence alitembea kama aliyeshinda kesi. Hata hivyo kitu kilimkwaruza moyoni. Wiki ijayo mezani atakuwa karani mwingine, na huyo hana tai ya kuazima. Yeye ambaye haombi mtu radhi alijikuta anasema polepole:

"Mama Kasonia, unisamehe. Kesho kuja kwangu, nitakupiga ingine hivi hivi na vumbi, bakuache na amani."

Kasonia alitua gunia. Kadi haikuwa mkononi mwake. Ilikuwa kwa yule mdogo, ameibana kifuani kwa mikono miwili, na alipoona wanaitazama akaificha nyuma ya mgongo.

"Hapana, Mama," Kasonia alisema. "Huyu alizalikaka mu mbio ya vita, na tangu pale tuko tunakimbia tu. Sura yangu yenye kutulia, alikuwa hajaiona hata siku moja. Jana bakubwa yake hawa banamuonyesha ile picha, banamuambia: ona, ndio vile Mama iko."