Neno Nililolisema Kisimani

Nilipokuwa mtoto kule Matiliku, hakuna aliyeamshwa mara mbili. Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, aligonga sufuria kwa mwiko mara moja tu na kila mtu akajua kazi yake. Kaka zangu walifungulia mbuzi, mama aliwasha moto wa uji, nami na binamu yangu Nduku tulibeba mitungi tukateremka mtoni. Shule ilikuja baadaye. Leo wanangu hapa Salama wana mfereji jikoni na bado wanachelewa gari la shule. Siwalaumu. Ule mtungi ulikuwa mzito, na sitaki mtoto yeyote aubebe tena.

Kiangazi mto wetu ulikuwa mchanga mtupu. Kila boma lilichimba kisima chake humo na kukizungushia miiba. Susu alikuwa mama wa kanisa asiyekosa ibada, lakini kuhusu kisima alishika sheria aliyoachiwa na mama yake: hakuna kutukanana penye maji. Alisema maji yakisikia matusi hurudi chini, na hayaendi peke yake. Tuliitikia tu, kama watoto wanavyoitikia.

Nduku aliletwa kwetu baada ya mama yake kufariki. Mama yake alikuwa shangazi yangu, binti wa pekee wa Susu. Sote wawili tulikuwa na miaka kumi na mmoja, na yeye alinishinda kwa kila kitu. Susu alimsifu mbele yangu, nami nikameza wivu kila asubuhi pamoja na uji.

Siku moja ya Septemba, maji yakiwa yamekwenda chini sana, nilimkuta ameshaingia kisimani anajaza mtungi wake. Zamu ilikuwa yangu. Nilimwambia atoke, akasema nimechelewa mwenyewe, nisubiri amalize.

"Hayo ni maji yetu," nikamwambia. "Wewe kwenu hakuna hata mtu."

Aliacha kuchota. Badala ya kupandia upande wenye ngazi tulizochonga, aliweka mikono ukingoni ajivute atoke haraka, na ukingo ukakatika. Mchanga mbichi ulimfunika hadi kifuani. Nilichimba kwa mikono, na kila nilichotoa kilirudi. Nilipiga mayowe mpaka wanawake wa boma jirani wakaja mbio na majembe. Walimtoa akiwa hai, mguu umeteguka. Kisima hakikuwepo tena.

Jioni baba alikuwa tayari na kiboko. Siku hizo mtoto alichapwa kwanza, maswali baadaye. Susu akamzuia.

"Kiboko atakisahau kesho," alisema. "Arudie alichomwambia mwenzake. Hapa, mbele yetu."

Nilisimama katikati ya nyumba. Nduku alikuwa ameketi, mguu juu ya kigoda. Nilirudia neno lile, na nilipolimaliza baba alikiweka kiboko chini akatoka nje. Marehemu alikuwa dada yake. Susu hakulia. Aliniambia kuanzia kesho nitachimba kisima kingine, na wa kwanza kunywa atakuwa Nduku.

Nilichimba siku nne, kila nilipotoka shule. Siku ya nne maji yalitokea, machafu kama chai. Niliyaacha yatulie, nikamletea Nduku kikombe. Alikunywa, akasema yana mchanga, kisha akanipa nami ninywe.

Mwanangu aliye sekondari ananieleza kwamba mchanga wenye maji huporomoka ukiulemea ukingoni, na kwamba maji hayana masikio. Namkubalia. Lakini bila neno langu Nduku angepanda polepole kwa zile ngazi, kwa hiyo Susu naye hakukosea. Na watu wakilalamika kwamba watoto wa leo wameharibika kwa kukosa kiboko, huwa nawaambia nilichapwa mara nyingi na sikumbuki hata kosa moja. Neno lile la kisimani nalikumbuka lote.

Krismasi iliyopita, tukimenya viazi jikoni kwangu, nilimuuliza Nduku alinisamehe lini. Akasema siku ya tatu. Alichechemea hadi mtoni aje kunisaidia, akamkuta Susu ameketi nyuma ya kichaka juu ya ukingo, jembe mapajani, macho hayatoki kwenye shimo langu. Susu alimwashiria anyamaze. Alikuwa amekaa pale tangu siku ya kwanza.

Nilikisimamisha kisu. Miaka yote hiyo nilijua kwamba nilichimba peke yangu.

Siwezi kuwarudishia wanangu mto ule, wala sitaki. Ila wakikosea nawaacha watengeneze walichoharibu kwa mikono yao wenyewe, nami nakaa karibu, mahali wasiponiona.