Pale Pistoni Ilipogusa

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo nimeibeba kuliko nilivyowabeba watoto wangu, na watoto wangu, muulize mama yao, sikuwabeba sana. Nitakusimulia nikiwa nimekaa, maana mimi ni mtu wa kukaa. Wenzangu walifika Juba, Goma na Dubai. Mimi safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani, na nikifika huwa nimechoka.

Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na msikiti mkubwa wa hapa Old Kampala ulikuwa bado gofu la nguzo. Nilikuwa nimemaliza sekondari nikapata kazi kwenye karakana ya Mzee Sudi, chini ya mlima. Mzee Sudi alikuwa mtu wa ukoo wa pwani kama sisi. Hakusoma zaidi ya madrasa, lakini alifungua injini kama mtu anayefungua barua ya ndugu yake. Mimi nilikuwa na cheti. Nilikitia ndani ya plastiki nikakitundika juu ya kopo la grisi, wateja wakione. Grisi ndiyo iliyokuwa na kazi zaidi.

Karakana ile ilikuwa na mila yake. Injini ikishaundwa, kabla ya kufungwa kichwa, kile kifuniko cha juu ya silinda, aliyeiunda anaizungusha kwa mkono, polepole, mzunguko mzima. Kisha anamwita mtu ambaye hakuigusa, naye anazungusha. Mzee aliuita mkono wa pili. "Mkono wa aliyetengeneza una mapenzi," alikuwa akisema, "na mapenzi ni kiziwi." Mimi niliona hayo ni mambo ya watu wasiojua hesabu.

Ndipo akaja Muhindo. Alikuwa mshonaji, mkimbizi kutoka Butembo huko Kongo, mwenye cherehani yake katika soko la Kikuubo na chumba mtaa wa Bukoto alichoishi na dada yake mjane na watoto watatu wa dada huyo. Wote watano walikula kwa mkasi wake. Jumatatu hadi Jumamosi alikata suti. Jumapili alipanda kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, aliyoachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa akihama, akaenda kushindana na wenzake kwenye vilima vya udongo nje ya mji. Injini yake ilikuwa ya tu-stroki, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kulia kama nyigu ndani ya debe.

"Yaya," aliniambia, yaani kaka, kwa heshima ya kwao, "kwa tambarare inakimbia muzuri. Kwa mulima inakuwa sawa na punda ya mujane. Muiongeze nguvu."

"Punda wa mjane hupanda mlima," nikamjibu. "Labda tatizo ni aliyekaa juu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Huyo ndiye mtu niliyemfanyia niliyomfanyia.

Mzee Sudi akaamua turefushe mwendo wa pistoni. Tulipeleka kranki, ule mhimili unaoipandisha na kuishusha pistoni, kwa fundi wa kukereza vyuma, akahamisha tundu la pini milimita mbili kwenda nje. Kazi iliyobaki mzee akaniachia mimi, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Ilikuwa injini yangu ya kwanza kuiunda peke yangu, nami sikumficha mtu habari hiyo. Hata muuza chapati aliijua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Pini ikisogea milimita mbili, pistoni hupanda milimita mbili zaidi na kushuka milimita mbili zaidi. Juu ingegonga kichwa cha silinda, kwa hiyo nikakata bamba la alumini la unene huo nikaliweka chini ya silinda, ikainuka. Nikajipigia makofi moyoni. Kumbe nilikuwa nimepandisha dari, mwanangu, sikuchimba sakafu. Huko chini, ukingo wa pistoni ulikuwa bado unashuka kuyafuata magurudumu mazito ya kranki, na bamba langu halikuusaidia kitu. Ilitakiwa ukingo ule upunguzwe kwa tupa. Mwenye cheti hakufikiria chini.

Ijumaa alasiri nikaizungusha kwa mkono. Juu ilipita laini. Chini, kitu kikagusa. Hakikugonga. Kiligusa tu, kama mwiko unapopapasa ukoko wa wali. Nikazungusha tena, pakagusa palepale.

Sitakudanganya kwamba sikujua. Nilijua. Lakini kuondoa kosa lile kulitaka nifungue kila nati niliyoikaza tangu Jumatano, na nyumbani mama alikuwa amepika pilau, na wingu lilikuwa linashuka upande wa kilima cha Namirembe. Nikajiambia, hizi ni ringi mpya za pistoni, zitajizoeza. Uvivu ukipelekwa shule, mwanangu, hurudi na sababu.

"Hamisi, umezungusha?" Mzee Sudi aliuliza kutoka kwenye benchi lake.

"Nimezungusha, Mzee."

"Inakwendaje?"

"Kama siagi."

"Haya, nije nitie mkono wa pili."

"Mzee, pumzisha macho yako. Hii ni hesabu, nimeshaipiga."

"Mkono hauna macho, wewe," akasema, akainuka. Lakini adhana ilikuwa imeanza, na yeye hakuwahi kuiacha swala imngoje. Akaenda msikitini. Aliporudi alikuta nimefunga kichwa, nimetia petroli, na injini inalia taratibu bila kasoro, kwa sababu kosa la namna ile husubiri kasi. Alisikiliza, akakuna ndevu, akarudi kwenye benchi lake. Mimi nikaenda kula.

Muhindo alikuja Jumamosi asubuhi. Kabla hajakaa juu ya kwadi yake aliniuliza, "Yaya, iko sawa? Nipande bila kuogopa?" Nafasi hiyo Mungu alinipa bure. Nikaijibu kwa utani: "Ogopa mlima. Injini niachie mimi."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio changu kilibisha hodi Jumapili jioni, nikiwa nimejinyoosha. Alikuwa Mzee Sudi, ambaye hakuwahi kuja kwetu.

"Amka ukae," akaniambia. Muhindo alikuwa ameupanda mlima kwa kasi ambayo wenzake hawajaiona. Alipoanza kuteremka, ukingo wa pistoni ukavunjika, injini ikajifunga, magurudumu ya nyuma yakasimama mara moja, na kwadi ikamtupa. Alikuwa hai. Kiganja cha kulia kilikuwa kimevunjika pale kinapoungana na mkono.

Kesho yake mzee alifungua injini mbele yangu, akapanga vipande juu ya kitambaa. Kwenye gurudumu la kranki palikuwa na mstari unaong'aa, mahali pistoni ilipokuwa ikilamba.

"Ijumaa, ulipozungusha," aliniuliza, "mkono ulikwambia nini?"

Nilitazama sakafu. "Uliniambia pamegusa."

Akakunja kitambaa juu ya vipande vile. "Hesabu ulikosea, na lawama hiyo ni yangu pia, kazi imetoka mlangoni kwangu. Lakini kunyamaza hukufundishwa humu. Nenda Bukoto ukamwambie mwenyewe. Na usibebe matunda. Ukibeba matunda utaongea habari ya matunda."

Nilikwenda mikono mitupu. Nilimkuta Muhindo kwenye mkeka, plasta imefika kwenye kiwiko, na dada yake amepiga magoti anajaribu kukata kitambaa cha suti kwa mkasi ule mkubwa, akikosea. Nikasema yote, bila kuruka hata pilau.

"Ulijua Ijumaa?" akauliza.

"Nilijua."

"Na Samedi nilikuuliza." Ndiyo Jumamosi kwao.

"Uliniuliza."

Akatazama dirishani. "Miye muteja akikuja, suti haijaisha, namuambia haijaisha. Anakasirika, anakwenda, kesho anarudi. Sijapata kumupatia suti yenye sindano ndani, nimuambie, vaa."

Dada yake, bila kuinua uso, akasema, "Ikala. Chai iko." Ndiyo kusema nikae. Nilikunywa chai ile, mwanangu, na hadi leo sijanywa kitu kichungu kama hicho, ingawa ilikuwa na sukari.

Mfupa uliunga vibaya. Cherehani aliweza kuiendesha, lakini mkasi mkubwa ulikataa kumtii kwenye kitambaa kizito. Basi kwa mwaka na zaidi, mimi mpenda kulala, nilikuwa nikiamka mapema kupita Kikuubo kabla ya karakana, nikamkatia suti kwa mistari aliyoichora yeye. Alinitania vidole vyangu ni vya kushika spana. Sikumbishia.

Asubuhi moja mkasi uliteleza ukaingia ndani ya mstari. Muhindo alikuwa amenipa mgongo, anatia uzi. Nikaona jinsi ningeweza kukunja kitambaa, kosa likajificha chini, nikaondoka zangu. Kosa lenyewe halikuzidi ukucha.

"Muhindo," nikasema, "hapa nimeingia ndani ya mstari."

Akageuka, akashika kitambaa kwa mkono wake mzima, akakiangalia upande huu na huu. "Kale," akasema, ndiyo haya kwa Kiganda, "hapo tutaweka mufuko." Akarudi kwenye uzi wake.

Hayo ndiyo ninayokuachia. Kosa likiwa bado mkononi mwako ni kazi tu, inachosha lakini inafanyika. Likishapita mlangoni linakuwa mfupa wa mtu mwingine. Kwa hiyo mkono wako ukikwambia pamegusa, sema pamegusa, hata kama jua limeinama, hata kama ulishajisifu kwa mtaa mzima. Na mtu akitaka kutia mkono wa pili juu ya kazi yako, mpishe. Hajakudharau. Anamlinda ambaye nyote wawili hamjamwona akianguka.

Mungu akupe mkono unaosikia na ulimi usiousaliti. Akuweke mbali na ukimya wa watu wenye haraka, na kila utakachokiunda kimrudishe kwao salama yule atakayekipanda. Amina.