Dakika Sita Bila Kujibu

Huyu fundi wa meno bandia atanitia wazimu. Nimetoka Bungoma kumfuata Kitale mara tatu, daktari alishapanda skrubu ya jino jipya kwenye taya langu, na yeye bado anachukua kipimo upya. Hukanda dongo lake la pinki kama anayekanda chapati za wageni, akalijaza kwenye kisahani cha chuma, akanisukumia mdomoni na kukishikilia kwa vidole viwili vinavyonuka plasta. "Usisonge ata kidogo. Kipimo ikipotea kama unywele tu, jino itakataa skrubu." Dakika sita, macho hayatoki kwenye saa iliyo juu ya kalenda ya 2006. Kisha huligeuzageuza dongo dirishani, akaguna, akalitupa kwenye ndoo. Ati nilimeza mate!

Leo tulikuwa tumefika dakika ya tano mamake alipoingia na kikapu cha ndizi. "Mulembe, mwanangu," akamsalimia. Fundi hakugeuka. Mama akarudia, sasa kwa sauti ya mtu aliyeumia. Vile vidole havikutikisika. Jasho tu ndilo lililomteremka shingoni. Lakini mimi nina adabu zangu, siwezi kumwacha mama wa watu amesimama mlangoni bila jibu. Nikaitikia na dongo lote mdomoni: "Mulembe, mama."

Fundi akalitoa, akaliangalia, akalitupa kwenye ndoo.

"Huyo ni mamangu," akasema, "na mimi nimenyamaza."