Friji la Mama Lililosimamishwa kwa Kichwa

Sie tuliokulia Horohoro kabla nguzo za umeme hazijatufikia, tukikutana leo harusini au msibani, hatuchukui muda kurudi kulekule: mchezo wa rede kwenye uwanja wa nyuma ya shule, mihogo ya nazi ya asubuhi, vizibo vya soda tulivyovifunga kwenye kitambaa kwa ajili ya somo la hesabu, na vumbi la mabasi ya Mombasa lililotufanya wote tuwe na rangi moja. Halafu lazima atokee mmoja aulize, "Mwalikumbuka friji la kwa kina Mwanaidi?" Hapo kicheko. Mwanaidi ni mimi, na friji lile lilikuwa letu.

Vijana wa leo nikiwaambia friji letu lilitumia mafuta ya taa, wananitazama kama niliyesema ng'ombe wetu alikuwa akitaga. Moto utoe baridi? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Chini yake kulikuwa na tangi dogo la mafuta lenye utambi, mfano wa jiko la mchina, na moto wake uliwaka chini ya bomba lililopanda mgongoni mwa friji mpaka juu. Moto ule uligeukaje kuwa barafu, sijui mpaka leo. Nilichokijua ni barafu za ukwaju ambazo mama alizigandisha kwenye vifuko vya nailoni, na jinsi ulimi ulivyokuwa ukinata ukiwa na pupa.

Lilikuwa mali ya Mzee Gulamu, Mhindi mwenye duka karibu na kizuizi cha mpakani. Wanawe walipomhamishia Nguvumali, mjini Tanga, kwenye umeme, mkewe alikataa katakata kusafiri na kitu kinachonuka mafuta. Mzee Gulamu akampa mama kwa ujirani, na kabla ya kuondoka akakaa naye asubuhi nzima akimwonyesha namna ya kukata utambi na kusafisha bomba. Mama alikuwa msikivu. Jambo akielekezwa mara moja, limeingia.

Nyumbani tuliishi na Bibi, mama yake baba. Baba alikuwa dereva wa lori la katani, wiki nyingi hayupo, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na sisi watoto. Bibi alikuwa Mdigo wa kindakindaki, mrefu, mwembamba, mwenye kauli. Mama alitoka milimani, upande wa Amani, kwenye ukungu na mashamba ya chai, na kwa Bibi huo ulikuwa ugeni usiokwisha. Hakuwahi kumwita mama kwa jina lake, Zainabu. Alimwita "mke wa Saidi", hata anapomwomba chumvi. Siku friji lilipoletwa kwa mkokoteni, alilizunguka, akaligonga ubavuni kwa fimbo yake.

"Nyie watu wa milimani mshazowea baridi," alisema. "Haya, yatieni maji yenu humo. Mie yatanivunja mifupa."

Mama akajibu, "Sawa, mama," akaendelea kulifuta.

Muda si mrefu friji likawa la mtaa mzima. Asubuhi mlango ulikuwa haupumziki: huyu ameleta samaki waliobaki, yule maziwa ya mtoto, mwingine anataka maji ya baridi kwa ajili ya mgeni wake. Bibi alikaa barazani akiwaamkua wote na kuwaambia wanalea maradhi. Wakamcheka, naye akawacheka.

Maradhi yakampata yeye. Alianza kukonda na kunywa maji kama aliyetoka jangwani. Wakampeleka hospitali Tanga, akarudi na habari ya kisukari na chupa ndogo ya dawa ya sindano. Nesi alisisitiza dawa ile ikae kwenye baridi, ikipata joto inaharibika. Kwa hiyo dawa ya Bibi ikaingia kwenye friji alilolitukana, na mama, aliyefundishwa na nesi yuleyule, ndiye aliyemchoma kila asubuhi. Namwona mpaka leo akiichemsha sindano ya kioo kwenye sufuria, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anasema "Bismillahi", na Bibi anatazama ukutani kama mtu asiyehusika.

Mwaka ule masika yalikuja na fujo. Maji yaliingia mpaka sebuleni, na sakafu yetu ya udongo ikalainika. Siku chache baadaye mama alifungua friji asubuhi, akashika chupa ya maji. Ilikuwa vuguvugu. Akaishika na chupa ya dawa. Nayo.

Nawaomba wanangu na wenzao wanisikilize hapa, maana wao kitu kikizima wanakipiga kofi, kisha wanakitupa. Mama hakuligusa friji kwanza. Alianza na dawa. Akachukua chungu kidogo akakitumbukiza ndani ya chungu kikubwa, katikati akajaza mchanga uliolowa, chupa akaiweka ndani, akafunika kwa kitambaa kibichi, akaviweka kivulini upepo unapopita. Nesi alimwambia njia hiyo kwa siku ya dharura. Ndipo akakunja kanga yake, akapiga magoti mbele ya friji.

Akatoa tangi, akatazama kama mafuta yameingia maji. Safi. Akakata utambi ukawa sawasawa, akauwasha tena, moto ukawa wa buluu uliotulia, si ule mwekundu wa moshi. Akasugua ndani ya bomba la nyuma, yakamwagika masizi yaliyompaka pua na kidevu. Tukacheka, akajitazama kwenye kioo, akacheka na yeye. Kisha akachukua kipande cha gazeti, akafunga mlango ukikibana, akakivuta. Juu kiligoma, kwenye kona ya chini kikatoka chenyewe. Akajua mpira wa mlango hapo haushiki, akauosha kwa maji ya moto na sabuni, akaurudisha kwenye mfereji wake mpaka gazeti likagoma pande zote. Mwisho akaweka bakuli la maji juu ya friji. Maji yalikuwa yamelalia upande mmoja. Mguu wa nyuma ulikuwa umezama kwenye udongo uliolainika. Akaliinua pamoja na jirani, wakatia jiwe bapa, maji yakakaa sawa.

Tukangoja mpaka kesho yake. Friji halikupoa.

Sasa hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Zahanati ya karibu haikuwa na dawa ile, na baba alikuwa safarini, harudi karibuni. Jua lilikuwa limerudi kwa ukali wote baada ya mvua. Bibi alikuja na fimbo yake mpaka kwenye vyungu, akaviinamia.

"Mke wa Saidi, ikiharibika je?"

"Haitaharibika, mama."

"Nimekuuliza ikiharibika."

Mama alichukua kata, akaumwagia mchanga maji.

Simu hazikuwapo majumbani. Ujumbe ulikwenda kwa midomo ya watu. Mchana ule mama alimfuata Mbwana, kondakta wa basi la Tanga, akamwambia ampelekee Mzee Gulamu maneno haya: moto wa buluu, bomba safi, mlango unashika, limesimama sawa, na halipoi. Akamtaka ayarudie yote kwanza, kama mwalimu wa chuo cha Kurani.

Kesho yake basi liliposimama, Mbwana alishuka huku anajizuia kucheka.

"Shikamoo, mama. Mzee anakusalimu sana. Anauliza, nyuma ya friji kuna harufu kali, kama mkojo uliolala?"

"Hakuna."

"Basi mabomba hayajatoboka. Anasema zima moto, toa tangi la mafuta, kisha lipindue friji lenyewe. Kichwa chini, miguu juu."

"Mbwana, usinifanyie mzaha."

"Wallahi, mama, nilimuuliza tena, akanionyesha kwa birika yake ya chai. Anasema friji likiinama, ile dawa ya ndani ya mabomba inakwama upande mmoja. Ukilipindua inarudi njiani. Lilale hivyo mpaka kesho asubuhi, ulisimamishe, uliache litulie mpaka jioni, ndo uwashe."

"Ungekuwa wewe ungefanya?"

"Mie? Mie ningekunywa madafu."

Mama alitandika magunia sebuleni, akawaita majirani. Habari ilishatangulia. Walikuja wa mtaani, wakaja na abiria waliokuwa wakingoja kugongewa muhuri, wakajaa mlangoni na madirishani. Friji lilipokaa kwa kichwa, miguu yake mifupi ikiwa hewani, vicheko vikalipuka. Bwana mmoja akasema kwa sauti, "Limemshinda, sasa analiadhibu!"

Nilimwona mama akiinamisha uso. Masizi ya juzi yalikuwa bado kwenye kucha zake.

Bibi aliinuka mkekani. "Wewe bwana," alisema, "una dawa ya kulitengeneza?"

"Hapana, bibi."

"Basi shika upande ule, lisiyumbe. Na nyie mnaocheka, chekeeni kwenu. Humu ndani kuna mtu anafanya kazi."

Bwana yule akashika. Madirishani hakubaki mtu.

Mama alifuata kila neno. Alilisimamisha asubuhi, akaliacha likae, jioni akawasha, na hakuturuhusu kufungua mlango. Kulipokucha alitoka chumbani, akamkuta Bibi amekwisha kukaa mbele ya friji kwenye kigoda. Mama akafungua. Akamshika Bibi mkono, akauingiza ndani kwenye kile kijumba cha barafu. Bibi akaupeleka mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo, macho ameyafumba.

"Mh," alisema. "Limerudi Amani."

Kisha akautoa mkono, akasema, "Zainabu, funga mlango, baridi inatoka."

Mama alichelewa kuufunga. Alisimama pale ameushika, baridi inamshukia miguuni, mpaka Bibi akamwambia mara ya pili.

Msidhani Bibi aligeuka malaika. Mpaka Mungu anamchukua, miaka mingi baadaye, hakuwahi kunywa maji ya baridi, na kauli yake ilikuwa ileile. Lakini jina la mama halikuondoka tena mdomoni mwake, na ole wake atakayemsema Zainabu mbele yake.

Mimi sasa ni mtu mzima, naishi Tanga mjini, nina friji la umeme lenye taa ndani na vitufe vya kuchagulia ubaridi. Ramadhani iliyopita lilianza kuvuta pumzi bila kupoza. Kijana wangu alitazama kwenye simu, akamsikiliza mtu wa nchi ya mbali, akaniambia, "Mama, tununue jingine." Nikachomoa waya, nikalivuta kutoka ukutani lilipobanwa. Mgongoni lilivaa vumbi zito kama blanketi. Nikalifagia kwa brashi, nikaliachia nafasi ya kupumua, nikaliwasha. Jioni tulikunywa maji ya baridi. Kijana akanipiga picha, akasema nina akili nyingi. Nikamwambia angemwona bibi yake Zainabu.

Nyumba zote za mtaa wangu zina friji siku hizi, na sisemi ni vibaya. Nani anataka kurudi kwenye masizi? Lakini zamani ukifungua friji letu ulijua mtaa umeamkaje. Ulijua nani kapata samaki, mtoto gani ameanza maziwa, na nani anaumwa, maana dawa yake ilikuwa pale, mbele ya macho yako.

Juzi nimesikia kwamba mama wa nyumba inayofuata, tunayegawana naye ukuta, anajichoma sindano za kisukari kwa miaka sasa. Nimeambiwa na mtu wa mtaa mwingine.