Fundi cherehani anayeitwa Shangazi

Jua halijapanda vizuri, na fundi tayari amepiga magoti kwenye ua uliofagiliwa sasa hivi, mbele ya mtoto anayemtazama kwa mashaka. Mkononi ana utepe mwembamba wa rangi tatu, wa kupimia lishe. Anaimba wimbo huku akikosea maneno makusudi, na mtoto anapoanza kucheka, utepe umeshauzunguka mkono wake juu ya kiwiko.

"Kijani," anasema. Mama wa mtoto anashusha pumzi.

"Fundi, leo unapima suti?" jirani anamchokoza akiwa ng'ambo ya ua.

"Yako sijui nitapata wapi kitambaa, kwa tumbo hilo," anajibu bila kugeuka.

Huyu ni baba wa watoto wanne, fundi cherehani, na mhudumu wa afya wa kujitolea. Siku tatu za wiki anashona barazani kwake. Jumanne na Jumatano anapita nyumba kwa nyumba kupima watoto, na Ijumaa anapeleka taarifa kituo cha afya, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kijiji kizima, hata wanawe wakiudhika, kinamwita Shangazi.

Jina lilikuja siku ya mafunzo ya wahudumu, alipokuwa mwanamume pekee kati ya wanawake. Aliyechaguliwa na mkutano wa kijiji alikuwa mkewe, ila mimba ilikuwa imemlemea. "Nilimtuma akanishikie nafasi," anasema mkewe huku akikunja magauni ya wateja. "Akaishika moja kwa moja."

Mshahara hakuna. Amepewa fulana na buti za mvua, basi. Siku anazozunguka, mwenye haraka na nguo yake huipeleka kwa fundi mwingine, na hilo linaonekana kwenye sufuria ya nyumbani. Mkewe halifichi: "Tumegombana sana. Kisha akabeba yule mtoto wa ng'ambo ya kijito, nami nikanyamaza."

Ilikuwa msimu wa mvua uliopita. Katika nyumba ya mwisho ng'ambo ya kijito, Shangazi alimkuta msichana wa mwaka mmoja na nusu ameketi kimya mlangoni. Mama yake alikuwa ndani, amejifungua wiki hiyo. Aliyemlea mtoto ni bibi yake, mzaa baba, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi.

Utepe uliishia kwenye nyekundu.

"Ukoo wetu ni wembamba," bibi alimwambia. "Baba yake alikuwa hivihivi, na leo anabeba magunia. Isitoshe, mwangalie miguu. Ananenepa."

Shangazi alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Alipokiondoa, pale alipobonyeza pakabaki shimo. Akamweleza bibi kwamba ule si unene, ni uvimbe wa kukosa lishe, na kwamba kwenda kituoni hakungoji kesho.

"Wewe mwanamume," bibi alisema, "ya watoto utayajulia wapi?" Akamwonyesha njia.

Kesho yake alirudi, akafukuzwa tena. Siku ya tatu hakusema lolote kuhusu mtoto. Alivuta kigoda, akaanza kupukuchua mahindi pamoja na bibi, akamuuliza amelea watoto wangapi.

"Saba," bibi alijibu. "Waliobaki ni watano."

Wakaendelea kupukuchua. Baada ya kitambo mikono ya bibi ikasimama.

"Yule wa mwisho alivimba miguu hivihivi," alisema. "Nikawa nawaonyesha watu. Nikiwaambia, mwoneni anavyonenepa."

 Bibi hakulia. Aliinuka, akachukua khanga, akamwambia, "Chutama nikufunge mtoto. Mimi mgongo hauwezi, na mama yake hajapona."

Hivyo ndivyo mwanamume mzima alivyotoka nyumba ile na mtoto mgongoni. Kijito kilikuwa kimejaa. Alivuka maji yakimfika kiunoni, bibi nyuma yake akiwa ameng'ang'ania shati lake. Mbele ya mashine ya kusaga, vijana wakaangua kicheko: "Shangazi, umejifungua lini?"  Uzito aliousikia mgongoni ulimtisha. "Ni kama nilikuwa nimebeba nguo," anasema.

Kituoni mtoto alilazwa. Alinyweshwa maziwa maalumu kwa kijiko, kidogo kidogo, mchana na usiku, na bibi ndiye aliyeshika kijiko. Shangazi alikuwa akifika kila alipoweza. Kilichomtesa ni ule ukimya. Mtoto alichomwa sindano na hakulia.

Asubuhi moja, akiwa bado getini, alisikia mtoto akilia kwa hasira hasa, kilio cha kuvunja masikio. Akadhani ni mgonjwa mpya. Ukumbini muuguzi akamjia akicheka.

"Huyo ni wenu," alimwambia. "Nimechelewesha maziwa, ananigombeza."

Shangazi aliketi kwenye ngazi. 

"Nimeshona magauni ya harusi, nimeshona sanda," anasema sasa, sauti ikiwa imeshuka. "Lakini kumwona mtu akirudi hivi, mbele ya macho yako, kwa maziwa na kijiko tu? Jambo hilo sijui niliite nini. Hadi leo nikikumbuka, mwili unanisisimka."

Mimi na Shangazi tunavuka kijito kwenda kumwona mtoto. Msichana yuko uani anamfukuza kuku, anaanguka, anainuka, anamfukuza tena. Anapomwona Shangazi anamkimbilia na kumkumbatia goti. Shangazi anasimama tuli, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege aliyetua begani.

Anachotaka sasa ni mhudumu anayeishi huku ng'ambo, ili mvua ikinyesha mtoto asisubiri maji yapungue. Kituo kimekubali kumfundisha mtu mmoja mwezi ujao. Jina alilopeleka ni la bibi.

"Mimi huku wananifukuza," anasema. "Yeye watamsikiliza."

Bibi anatoka jikoni akijifuta mikono.

"Mwandishi, andika kwamba naanza Jumatatu," anasema. "Hayo mafunzo yatanikuta njiani."