Kichupa Kisichotikiswa

Si kweli, kama wanavyosema sokoni Isiolo, kwamba yule bwana wa maabara alitoboa siri ya ugonjwa wa marehemu mumewe Regina. Regina alikuwepo, na alimwona akifanya kazi. Ndani ya kichupa chake cha kupimia mlikuwa na kingamwili, dawa ya maabara inayonasa kimeng'enya kinachozidi katika damu saratani ya tezi dume inapoingia. Hakukitikisa kamwe. Alikitoa kwenye friji na kukibingirisha polepole viganjani, huku akivumisha wimbo wa kanisani.

"Hii si kibuyu ya maziwa, mwalimu," alimwambia mumewe Regina. "Ukitikisa, imeharibika."

Mumewe, mtoto wa wafugaji wa Kipsing, alicheka mpaka kiti kikalia. Kicheko hicho Regina angali anakisikia.

Majibu, yule bwana wa maabara aliyaleta mwenyewe hadi kwenye benchi walikongojea, akainama, akayasema kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Langoni mwa hospitali, wifi yake Regina alimdaka bwana huyo: "Daktari, umeona nini kwa damu ya ndugu yangu?"

"Nimeona damu, mama. Nyekundu."

Hadi leo wifi humuuliza Regina swali lile lile.

"Uliambiwa nyekundu, wifi," hujibu Regina. "Mimi sina la kuongeza."